Hamsta ametoroka ndani ya nyumba: usimkimbize, mpunguzie nyumba

Swali: Daktari, salamu. Naishi South B, ghorofa ya tatu, nyumba ya vyumba viwili vya kulala. Juzi usiku hamsta wa binti yangu, yule mnyama mdogo wa kufugwa wa jamii ya panya, wa rangi ya dhahabu, jina lake Karanga, alifungua kizimba akatoroka. Tumesogeza makochi, tumemulika chini ya vitanda, hatujamwona. Usiku nasikia mkwaruzo jikoni, lakini nikiwasha taa, kimya. Dada anayenisaidia kazi za nyumba anasema tununue ile gundi ya panya tumnase. Baba Neema anasema tumwache tu, njaa itamrudisha. Neema ana miaka tisa na tangu jana hali vizuri. Tufanyeje? – Mama Neema

Jibu: Mama Neema, pole, na umfikishie Neema pole zangu. Hebu weka simu chini kwanza, uende bafuni na jikoni ukafunike kila chombo chenye maji. Nairobi hii ya mgao wa maji, kila nyumba ina pipa, ndoo mbili tatu na karai, na nyingi huachwa wazi. Hamsta mwenye kiu hupanda kitambaa kilichoning'inia ukingoni, akainama anywe, akatumbukia, na kuta za plastiki hazimpi pa kushika. Funika na choo pia. Ukimaliza, rudi tuongee.

Sasa hiyo gundi. Dada hana ubaya wowote, kwake huyu ni panya kama panya wengine na panya hunaswa kwa gundi. Lakini gundi isiingie nyumbani mwako. Hamsta wa dhahabu aliyekomaa ana gramu 100 hadi 150 hivi. Akinasa mguu mmoja atavuta, akivuta tumbo litagusa, halafu shavu, na kadiri anavyopambana ndivyo ngozi inavyochunika na mifupa midogo inavyovunjika. Nimeletewa mnyama wa namna hiyo akiwa bado juu ya kadibodi yake, mwenyewe akiwa amejaribu kumbandua kama anayebandua stika. Ikiwa umechelewa na gundi imeshategwa na Karanga yumo, usimvute. Mwagia unga au maranda kwenye sehemu ya gundi iliyobaki wazi ili asinase zaidi, kisha chukua mafuta ya kupikia yasiyo moto, uyapake kwa pamba pale mwili unapokutana na gundi, kidogo kidogo, ukisubiri. Italainika. Mtoe mguu mmoja baada ya mwingine, umfunge kwenye taulo asijilambe mafuta yenye gundi, umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Sumu ni mbaya zaidi, kwa sababu haionekani. Wale wachuuzi wa mitaani wenye kipaza sauti kinachorudia bila kupumua, dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, huuza vipakiti ambavyo mara nyingi havina maandishi ya maana. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na mnyama huonekana mzima kwa siku kadhaa kabla ya kulegea na kuvuja damu. Aina hiyo ina tiba, vitamini K1, iwapo atawahishwa. Lakini kipakiti kisichosema kina nini humwacha daktari akibahatisha. Kwa hiyo mpigie keateka leo, umuulize kama kuna sumu iliyowekwa kwenye ngazi au kwenye lile shimo la mabomba linaloshuka nyuma ya jikoni. Kama nyumbani kwako mwenyewe kuna sumu nyuma ya friji tangu mwaka jana, umeisahau, itoe sasa.

Tuje kwa Baba Neema. Ana nusu ya ukweli, na si haba. Hamsta wa dhahabu ni hodari wa kurudi kwake gizani. Watafiti wamewapima na kuona kwamba anapokwenda kutafuta chakula, mwili wake huweka hesabu ya kila kona aliyokata na kila hatua aliyopiga, kisha akarudi kwenye kiota kwa njia ya mkato bila kuona kitu. Shida ni kwamba hesabu hiyo huharibika kadiri safari inavyorefuka. Na mkishamfukuza kutoka chini ya kitanda hadi sebuleni, mkihamisha makochi juu ya kichwa chake, hesabu yote imevurugika. Hapo hutegemea harufu. Ana tezi ubavuni anazosugua ukutani anapopita, na ndizo alama zake za njia. Sasa fikiria kinachofanyika katika nyumba zetu kila asubuhi: deki, tena kwa dawa ya kunukia. Alama zote zinafutika. Kwa hiyo msipige deki mpaka apatikane. Fagieni tu pale penye ulazima, na kizimba chake kishushwe sakafuni karibu na ukuta, mlango wazi, na maranda yale machafu yaachwe yalivyo. Najua jambo hili ni gumu kwa mama mwenye nyumba safi. Ni siku chache.

Nusu ya pili ya maneno ya Baba Neema, kwamba njaa itamrudisha, siikubali. Hamsta ana mifuko ya mashavuni inayobeba akiba, na chini ya makochi ya nyumba yenye mtoto wa miaka tisa kuna makombo ya biskuti ya kumtosha muda mrefu. Asipofanyiwa chochote atahamia. Atakuwa na kiota nyuma ya kabati kilichotengenezwa kwa soksi za Neema, na hatakuwa na haja ya kurudi.

Huyu mnyama hakutoroka kwa kuwa hawapendi. Asili yake ni mashamba yaliyo karibu na Aleppo, Syria, ambako huishi mashimoni. Karibu hamsta wote wa dhahabu wanaofugwa duniani wametokana na mama mmoja na watoto wake waliofukuliwa shimoni huko mwaka 1930 na mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni, watoto hao wakapelekwa Jerusalem. Na huko Jerusalem, baadhi yao walitafuna mbao za sakafu ya kizimba, wakatoka. Mwambie Neema: Karanga anafuata ukoo wake.

Kinachotusaidia katika hadithi hiyo ni lile shimo. Hamsta haoni mbali, na eneo la wazi linamtisha. Anatembea akigusa ukuta kwa ubavu, anatafuta mahali penye giza, pakavu, panapombana mgongo. Katika nyumba ya ghorofa ya Nairobi mahali hapo ni pachache. Nyuma ya friji, chini, karibu na mota, kwa sababu pana joto, na sakafu zetu za vigae usiku ni baridi kweli. Chini ya makabati ya jikoni, pale ambapo ubao wa mbele haukufika sakafuni kwa sababu fundi alikuwa na haraka. Ndani ya kochi lenyewe, si chini yake. Geuza macho uangalie kile kitambaa cheusi kilichopigiliwa chini ya kochi: kama kimechanika kiasi cha kuingiza vidole viwili, huo ni mlango. Ndiyo maana sikupenda kusikia mmesogeza makochi. Kuanzia sasa asikae mtu kwenye kochi kabla hamjalikagua, na kama lina sehemu ya kukunjua, msilikunjue kabisa. Liinueni upande mmoja polepole, mwingine apapase kitambaa kwa kiganja. Kuna pia rundo la nguo chafu, viatu, begi la shule, droo ya chini. Kabla ya kuwasha mashine ya kufulia au oveni, mtu aingize mkono ndani.

Mkwaruzo wa jikoni unanipa matumaini, ila tuwe na hakika ni yeye. South B ina panya wake wenyewe. Chukua unga, unyunyize kwa safu nyembamba kando ya ukuta wa jikoni, upana wa kiganja. Ikiwa vigae vyako ni vyeupe, unga wa ngano hautauona, tumia wa wimbi. Asubuhi chutama na tochi uisogeze karibu na sakafu, mwanga ukitoka ubavuni, si juu. Utaona vidole vidogo, vinne mbele, vitano nyuma. Hapo hujajua kitu, kwa maana panya naye ana hivyohivyo. Tafuta mkia. Panya akipita mara nyingi huacha mstari mwembamba wa mkia katikati ya nyayo, kama mtu aliyeburuta uzi. Hamsta mkia wake ni kipisi tu, hauburuziki. Nyayo bila mstari, na kinyesi kidogo cha ukubwa wa punje ya mchele, karibu na ukuta: huyo ni Karanga. Kinyesi kikubwa cha sentimita moja na zaidi ni cha panya wa nyumba, na hilo ni swali jingine utakaloniandikia baadaye.

Kama unga hauonyeshi kitu, yuko chumba kingine, na hapa ndipo watu hukosea. Wanaitafuta nyumba nzima kwa mara moja, naye anahama nyuma yao. Wewe ipunguze nyumba. Leo saa mbili usiku, funga kila mlango wa ndani. Chini ya milango yetu pana pengo ambalo mwenye nyumba hupitishia barua ya kuongeza kodi, na hamsta aliyejibana hupita palipopita kichwa chake. Kunja taulo au blanketi kuukuu, lisukumwe kwa nguvu. Ziba pia tundu la kutolea maji kwenye balkoni na pale bomba la sinki linapoingia ukutani, kwa waya wa kusugulia sufuria, kwa sababu kitambaa atakitafuna. Kisha kila chumba kiwekewe mbegu kumi za alizeti kando ya ukuta, uzihesabu, si gao la mkono. Mpe Neema kazi hiyo na karatasi ya kuandika: jikoni kumi, sebuleni kumi, kwa mama kumi, kwangu kumi. Asubuhi ahesabu tena. Chumba chenye saba ndicho chumba. Mtoto aliyekuwa analia ana kazi ya upelelezi, na kusema kweli watoto huhesabu kwa uaminifu kuliko sisi.

Ukishajua chumba, weka mtego wa ndoo humo. Tafuta ndoo ya plastiki yenye kina cha sentimita 30 hivi, kuta laini, kavu kabisa. Chini weka taulo nene au maranda yenye kina cha vidole vinne, kwa kuwa ataanguka na hamsta hajui kupima kimo. Juu ya taulo weka kipande cha tango, njugu chache za kukaanga zisizo na chumvi, na kipande cha kitambaa kutoka kwenye kiota chake. Tango ni muhimu: usiku wa pili na wa tatu kiu humsumbua kuliko njaa, na harufu yake husafiri. Jibini la kwenye katuni liache. Siagi ya karanga nayo ni kijipande tu kilichopakwa kwenye biskuti, kwa sababu donge lake hunata ndani ya mashavu.

Halafu ngazi. Chukua vitabu vya Neema vilivyokwisha matumizi, uvipange kama ngazi kutoka sakafuni hadi ukingo wa ndoo, kila ngazi isizidi urefu wa kidole chako cha kati, na vifunike kwa taulo ili apate pa kushika kucha. Ngazi ya mwisho iwe sawa na ukingo. Kuanzia ukutani hadi ngazi ya kwanza dondosha vipande vya njugu, vichache, kimoja kila hatua moja na nusu ya mtoto. Ndoo yenyewe iegemee ukuta. Nasisitiza ukuta kwa sababu nimeona mtego mzuri umewekwa katikati ya sebule kama meza ya maua, na mnyama akapita pembeni siku nne. Zima taa, funga mlango, zima televisheni, nendeni mkalale. Mtu aamke mara moja usiku kuangalia, na tena alfajiri, maana akiachwa humo hadi saa tatu asubuhi atakuwa ameshatafuta namna ya kupanda taulo.

Msomaji mwenye kipanya cheupe cha kufugwa asiige mtego huu bila kufikiri, kwa sababu kipanya huruka juu kuliko hamsta na ndoo fupi haimzuii. Wala asimshike kwa ncha ya mkia, ngozi inaweza kuchunika. Gini pigi hapandi ngazi hata kidogo, yeye mtegee sanduku la kadibodi lililolazwa ubavu, lenye majani ya sukumawiki ndani.

Kuna watu wasioweza kulala na kusubiri ndoo. Kama wewe ni mmoja wao, kaa sakafuni jikoni, mgongo ukutani, kuanzia saa tatu usiku. Funga tochi ya simu kwa kitambaa chekundu, hamsta haoni vizuri mwanga mwekundu. Weka karibu nawe kitu anachoweza kuingia mwenyewe: kipande cha bomba pana, sanduku la tishu, hata kiatu cha mpira cha Baba Neema. Akitokeza, usishtuke na usinyooshe mkono. Wanyama wadogo huwindwa kutoka juu, na ndege na paka, kwa hiyo mkono unaoshuka kutoka juu ni mwewe. Mwache anuse. Mara nyingi ataingia kwenye lile bomba kwa sababu ni shimo, na kazi yako ni kuziba ncha mbili kwa viganja. Akikimbia, mfunike kwa bakuli jepesi, telezesha kadibodi chini, umbebe hivyo hadi kizimbani. Asikimbizwe kwa ufagio. Neema akiwepo, avae soksi, asikanyage kanyage. Miguu ya watu wazima gizani imeua hamsta wengi kuliko paka, hayo ni maoni yangu baada ya miaka ya kuona.

Akiuma, na anaweza kuuma hata mtu anayempenda, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi. Hofu ya kichaa cha mbwa kwa hamsta wa ndani haina msingi mkubwa, wanyama wadogo wa jamii ya panya karibu hawaonekani kuwa nacho. Ulizia tu kama chanjo ya pepopunda ya aliyeumwa haijapitwa na wakati, na kidole kikivimba au kikitoa usaha, hospitali.

Jambo moja watu hawalijui, nalo huleta machozi ya bure. Ukimkuta amelala nyuma ya kabati, baridi, amelegea, hashtuki, usiharakishe kutafuta sanduku la mazishi. Nairobi hii mwezi wa saba usiku hushuka hadi nyuzi 10 au 12, na hamsta aliyepigwa na baridi na njaa hupunguza pumzi hadi huioni. Mweke kwenye viganja, kisha kifuani ndani ya sweta, si karibu na jiko wala hita. Tazama ndevu zake kwa dakika kadhaa. Niliwahi kuletewa hamsta ndani ya sanduku la viatu, limepambwa kwa maua ya bugenvilia, familia inataka tu nithibitishe. Nusu saa kwenye kiganja cha mwanafunzi wangu, ndevu moja ikatikisika, kisha zote. Maua aliyatafuna baadaye, ikabidi tumnyang'anye.

Akipatikana mzima, mpe maji na chakula chake cha kawaida, chumba kimya, mwacheni. Marafiki wa Neema wasiitwe kumwona leo. Kesho yake mwangalie: anatembea sawa kwa miguu yote, macho hayatoki utando, pua kavu, meno ya mbele hayajavunjika, makalio hayana unyevu wala harufu mbaya. Kuhara kwa hamsta si jambo la kungoja wikendi ipite. Akiwa na dalili hiyo, au damu popote, au mashavu yaliyovimba yasiyopungua, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayeona wanyama wadogo, au kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete. Agroveti ya mtaani itakuuzia dawa ya kuku, kwa nia njema tu.

Ikipita usiku wa tano bila mbegu kupungua chumba chochote, hapo ndipo ninapoamini ametoka kwenye nyumba. Andika kwenye kundi la WhatsApp la jengo, na uandike vizuri: mnyama mdogo wa mtoto, rangi ya dhahabu, hana mkia mrefu, tafadhali msimpige na msimwekee sumu, mfunikeni kwa ndoo mnipigie. Weka picha. Neno "hana mkia mrefu" ndilo litakalomwokoa, kwa sababu jirani akiona kitu kinapita jikoni saa nne usiku huangalia mkia kwanza. Nyumba zilizo upande wa shimo la mabomba, juu na chini yako, wabishie hodi mwenyewe. Hamsta hupatikana hata baada ya wiki mbili.

Na kizimba. Umesema alikifungua. Hamsta hafungui kwa bahati, hutikisa waya kwa meno usiku kucha mpaka kibanio kiteleze. Kibanio cha nguo cha chuma kwenye mlango kinatosha, cha plastiki atakila. Pima nafasi kati ya waya: isizidi sentimita moja hivi. Kisha angalia gurudumu lake. Vizimba vingi vinavyouzwa hapa mjini huja na gurudumu dogo kama sahani ya kikombe, na mnyama mwenye kawaida ya kukimbia kilomita kadhaa kwa usiku akikunja mgongo humo atataka kutoka tena. Mtafutie la sentimita 20, lisilo na nafasi za mguu kunasa. Kama fedha haipo mwezi huu, tumia lile sanduku la kadibodi lijazwe maranda achimbe. Ila anza na kibanio, usiku wa leo, kabla hata hajapatikana, kwa sababu atakapopatikana saa tisa usiku hakuna atakayekumbuka.